Nani Alishuka na Mzee Kunjo?

Mimi ni mwalimu wa historia, na niseme mapema kwamba roboti sizipendi. Sizichukii kwa ubaya. Nazichukia kwa namna mtu anavyomchoka mgeni aliyeomba kulala siku mbili akaleta na kabati. Zilikuja shuleni kwetu ndani ya maboksi, zikapokelewa kwa makofi, kisha zikahamia nyumbani kwangu. Maabara ya kompyuta ina soketi chache, na mwalimu wa kompyuta ni mume wangu, kwa hiyo kila jioni anazipakia kwenye kapu langu la sokoni na kuja kuzichaji jikoni, kwenye soketi ya birika la umeme. Nikitaka chai naambiwa nisubiri kwanza roboti ishibe.

Wanafunzi wanamwita mume wangu Mwalimu Waya. Mimi wananiita Mama Mawe, kwa sababu nafundisha Zama za Mawe kwa sauti ambayo, wanadai, ingewaamsha watu wa zama hizo wenyewe. Wanadhani sijui. Najua sana, na jina nalipenda, ila hilo sitawaambia.

Mkuu wa shule alipoona roboti zinatumika kwenye somo la kompyuta tu, alitangaza kikaoni kwamba kila somo lizitumie muhula ule, na siku ya wazazi kila mwalimu aonyeshe darasa lake limefanya nini. Mwalimu wa hesabu akawahi pembetatu. Mwalimu wa jiografia akawahi mito. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikijifanya natafuta kalamu mkobani, na nilipokiinua Mkuu alikuwa ananitazama.

"Na historia? Mko kwenye mada gani?"

"Maziko," nikasema. "Jinsi watu wa kale walivyowazika wafu wao."

Kikao kizima kiliangua kicheko. Mwalimu wa michezo alimwaga chai yake. Mume wangu alicheka kuliko wote, na jioni ile vyombo aliviosha peke yake, sufuria la masizi likiwemo.

Darasa nililokuwa nalo ni la sita, na ndani ya darasa hilo kulikuwa na binti tuliyemwita Kwanini. Jina alilipata akiwa darasa la kwanza na alilistahili. Angekuuliza kwa nini kiti kina miguu minne, na ukimjibu angetaka kujua kwa nini wewe basi una miwili na huanguki. Lakini mwanzoni mwa muhula bibi yake, mama wa baba yake aliyemlea tangu akiwa mchanga, alifariki, na tangu hapo mtoto hakuuliza kitu. Alikuja, akaandika, akarudi nyumbani. Walimu wengine walisema afadhali, sasa tunapumua. Mimi kimya kile kilinitia hofu.

Siku niliyoanza ile mada nilibandika ubaoni picha kubwa ya kaburi la kale lililofukuliwa na wataalamu. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya mtu aliyelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kiganja kimoja chini ya shavu. Shingoni alikuwa na shanga za magamba ya konokono, na mwili mzima ulikuwa umenyunyiziwa udongo mwekundu uliosagwa. Nikawaambia kwamba watu hawa hawakuwa na chuma wala maandishi, lakini walikuwa na wapendwa wao, na waliwalaza hivi, kwa heshima.

Mkono mmoja ukainuka kule nyuma. Ulikuwa wa Kwanini, na nilifurahi hata nikasahau sentensi niliyokuwa nayo mdomoni.

"Mwalimu, walimlaza au walimtupa?"

"Walimlaza."

"Umejuaje?"

"Si unaiona picha?"

"Naona mifupa," akasema. "Labda walimtupa tu, akaangukia hivyo."

Darasa likaguna. Siku nyingine ningemjibu kwa makali, kwa maana ulimi wangu hauna breki. Lakini mdomo wa chini wa yule mtoto ulikuwa unatetemeka. Nikamwambia ni swali zuri na nitalijibu, na kengele ya mapumziko ilipolia nikamwita mezani kwangu.

Ilimchukua muda kusema. Siku ya maziko ya bibi yake, watoto wote waliachwa kwa jirani kuangalia katuni. Waliporudi nyumbani, binamu yake mmoja, mwenye umri wa kujua kila kitu, alimweleza kwamba mtu akifa anatupwa tu shimoni, puu, halafu watu wanafukia haraka waende kula.

"Ukamuuliza baba?"

"Nilimuuliza. Akaniambia nile chakula changu."

Alisema hivyo bila kulia, na ndiyo maana mimi nusura nilie. Mtoto alikuwa anaamini kwamba baba yake mzazi alimtupa mama yake mwenyewe shimoni, na sasa anashindwa kukiri. Alikuwa anaishi nyumba moja naye, anakula naye meza moja, na hamwangalii usoni.

Kuhusu bibi yake sikuwa na la kumwambia, kwa sababu sikuwepo. Lakini lile swali la darasani lilikuwa swali halali la historia, na mimi swali la historia silikimbii. Nikaenda maabara kwa mume wangu, nikamsalimia kwa upole. Aliweka bisibisi chini akaniuliza nani amekufa.

"Nataka roboti zako," nikasema. "Nataka kujua mtu akitupwa shimoni anaangukaje, na akilazwa analalaje. Nataka watoto waone kwa macho yao."

Hakucheka. Ana kasoro zake, na nyingine ziko jikoni kwangu zinachajiwa, lakini anajua wakati wa kucheka na wakati wa kuvuta kiti. Alivuta kiti.

Kabla hatujaanza nilitaka baba yake Kwanini asikie kutoka kwangu. Ni kinyozi, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, ukitoka getini unakiona. Kwa mdomo, hajambo. Mtu akienda kunyolewa pale anatoka anajua nani amehama, nani amechumbia, saruji imepanda kiasi gani, na kwa nini timu ya taifa imefungwa. Nilimkuta anamnyoa jamaa mmoja mnene aliyefunikwa kitambaa mpaka kidevuni.

"Karibu Mwalimu! Leo unanyoa?"

"Leo nimekuja kukunyoa wewe, Baba Kwanini."

Akacheka, ila cheko halikufika mbali. "Nimesikia. Mnafundisha watoto makaburi. Tena kwa midoli."

"Roboti."

"Mwalimu, mimi na wewe tunaheshimiana. Mtoto wangu amefiwa juzijuzi tu. Mambo hayo naomba umweke mbali nayo."

"Hayuko mbali nayo. Analala nayo. Anaamini bibi yake alitupwa shimoni."

Mashine ilikuwa inanguruma juu ya sikio la mteja. Aliizima. Yule jamaa, kichwa kimenyolewa upande mmoja, hakuthubutu hata kukohoa.

"Nani kamwambia?"

"Watoto wenzake. Akaja kukuuliza wewe, ukamwambia ale."

Aliipangusa mashine kwa brashi ndogo, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. Mtu niliyezoea kumsikia kutoka upande wa pili wa barabara sasa ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie.

"Nikianza kuyasema yale, Mwalimu, nitalia. Na sitaki anione nalia. Bibi yake hayupo, kabaki na mimi tu. Akiniona na mimi nimebomoka, atamshika nani?"

Nilikuwa nimekwenda pale na hasira kamili, nimeipanga tangu getini. Yote ilinitoka. Nikamwambia basi aje siku ya wazazi, aone tunachofanya.

"Nitakuja," akasema. "Na nikiona mtoto amenyong'onyea hata kidogo, namtoa hapohapo mbele ya watu. Na masomo yako ya makaburi ndiyo basi."

"Sawa. Mmalizie huyu baba upande wa pili, atapata mafua."

Tukaanza kazi. Watoto walifinyanga mtu wa udongo, urefu wa kiganja na nusu, magoti juu na mkono shavuni kama yule wa pichani. Kwa jinsi alivyojikunja wakamwita Mzee Kunjo, na kufikia kesho yake alikuwa na historia ndefu: mwindaji, mkali kwa wajukuu, anapenda asali, hapendi kuamshwa. Shanga walizitengeneza kwa vipande vya maganda ya mayai. Udongo mwekundu waliusaga kutoka kwenye tofali lililovunjika nyuma ya jiko la shule. Kaburi lilikuwa boksi lenye mchanga, tukalibana katikati ya madawati mawili ili mdomo wake uwe sawasawa na mbao za juu. Roboti ingetembea juu ya dawati ikiwa imembeba Mzee Kunjo kwenye karai dogo la mbele, ifike ukingoni, imimine.

Mume wangu aliibonyeza kwa mbwembwe. Roboti ikaondoka vizuri, taa zinawaka, darasa limejibana kuizunguka. Ikafika ukingoni mwa kaburi. Ikasimama. Ikalia pii pii, ikageuka, ikakimbia na maiti yake mpaka mwisho wa dawati.

"Inaogopa!" watoto wakapiga kelele.

"Haiogopi, imesahau kitu nyumbani!"

Ikarudishwa, ikaja, ikasimama, pii pii, ikatimua mbio. Mara ya tatu Mzee Kunjo alidondoka njiani akaachwa, na watoto walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

"Umenitengenezea mzishi anayekimbia kaburi," nikamwambia mume wangu.

"Haina kosa," akajitetea. "Ina jicho pale mbele linaloangalia chini. Likiona hakuna sakafu, inarudi. Niliiwekea baada ya ile moja kuanguka kutoka meza yako ya jikoni ikatumbukia kwenye ndoo ya kudekia."

"Basi lizime hilo jicho."

Alilizima. Roboti ikaja kwa ujasiri, ikafika ukingoni, haikusimama, ikaingia kaburini kichwa mbele pamoja na marehemu, magurudumu yakabaki juu yanazunguka. Tukawa tumezika roboti. Mtoto mmoja alianza kutoa salamu za rambirambi kwa niaba ya maabara ya kompyuta, nikamkalisha, halafu nikalazimika kugeukia ubao ili wasinione mimi mwenyewe nikicheka.

Hatimaye mume wangu alilirekebisha lile jicho, roboti ikaweza kusimama ukingoni na kumimina karai bila kukimbia. Mzee Kunjo akaanguka kifudifudi. Akamiminwa tena, akaanguka chali, magoti juu. Akamiminwa taratibu, akasimama kwa kichwa. Walijaribu kwa kasi, walijaribu kwa kutanguliza miguu, walijaribu kwa kumlaza ubavu kabisa ndani ya karai. Mkono wa shavuni ulikatika, wakaufinyanga upya, ukakatika tena. Zile shanga zilitua kila mahali isipokuwa shingoni, moja tuliikuta kwenye kiatu cha mtoto wa dawati la mbele. Hakuna hata mara moja alipolala kama yule wa pichani.

Watoto wakaanza kuchoka na kuilaumu roboti. Mume wangu alijikuna kichwa, akasema labda abadilishe karai. Mimi nilikuwa namfikiria kinyozi akiwa amesimama mlangoni siku ya wazazi, anamtazama binti yake akitazama mtu anavyobwagwa shimoni tena na tena. Nilianza kujuta wazo lote.

Kwanini alikuwa ameinamia lile boksi. Alimchukua Mzee Kunjo, akampangusa mchanga usoni kwa kidole, akamshika mbele ya ile picha ya ubaoni.

"Mwalimu, hawezi kuangukia hivi."

"Tutajaribu karai jingine," mume wangu akasema.

"Hapana, Mwalimu. Hata na karai jingine. Tumemtupa, tumemtupa, tumemtupa. Kiganja hakiendi chenyewe chini ya shavu. Shanga hazijivishi." Alimgeukia kila mmoja wetu, sauti inapanda. "Kuna mtu aliingia mle ndani. Kuna mtu alishuka naye."

Picha ile nimeifundisha tangu nilipoajiriwa, najua kila mfupa, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona yule mwingine ambaye hayumo pichani: mtu mzima mwenye afya, amepiga magoti ndani ya shimo, anakunja magoti ya mwenzake, anauweka mkono mahali pake, anapangusa.

"Nani?" Kwanini akauliza, na baada ya hapo hakukoma. "Alikuwa mtoto wake? Au mke wake? Kwa nini yeye na siyo mwingine? Alishukaje bila kumkanyaga? Kulikuwa na nafasi ya watu wawili? Kwa nini hawakuchimba pakubwa zaidi? Aliogopa? Mwalimu, kwa nini hunijibu?"

Nilichukua chaki nikaanza kuyaandika maswali yake ubaoni. Nilifurahi mno. Mume wangu alinisogelea akaninong'oneza, "Imepata chaji," na kwa mara ya kwanza sikumkemea kwa kuongea darasani kwangu.

Kazi ikabadilika. Watoto wenyewe walisema roboti lazima ishuke, isimwage kutoka juu. Wakaiondolea karai, wakaifungia mikono miwili ya kubana na kuachia. Wakatafuta ubao wa kuteremkia, na ulitakiwa uwe mrefu na laini, mteremko uwe wa polepole ili lile jicho lizidi kuona sakafu mbele yake na lisiikimbize roboti. Waliomba kadibodi, ikapinda. Walijaribu rula, ikateleza. Siku iliyofuata ubao wangu wa kukatia vitunguu ulitoweka jikoni, na mume wangu alikunywa chai yake upesi akaniaga akiwa tayari mlangoni. Nilikatia vitunguu kwenye sinia mpaka siku ya wazazi.

Siku hiyo ilifika na jua zuri. Wazazi walijaa ukumbini, wengine kwenye madirisha. Roboti ya hesabu ilichora pembetatu yenye pembe nne. Mto wa jiografia ulivuja ukamlowanisha katibu wa shule. Sisi tulikuwa wa mwisho. Nilipoangalia mlangoni, kinyozi alikuwa amesimama pale na aproni yake, nywele za watu mabegani, mikono ameikunja kifuani. Hakukaa ingawa alipewa kiti. Alikuwa amesimama kwa namna ya mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake na kuondoka.

Kwanini alipanda juu ya kigoda ili aonekane. Akawaeleza watu juu ya kaburi la kale, juu ya shanga na udongo mwekundu, sauti yake haikutetemeka. Akasema, "Watu wengine wanadhani zamani watu walikuwa wanatupwa tu. Sisi tulitaka kujua. Angalieni akitupwa."

Roboti ya kwanza ikafika ukingoni, ikammwaga Mzee Kunjo, puu, kifudifudi. Wazazi wakashtuka, wengine wakacheka, mama mmoja akasema "Maskini!" kwa sauti. Nilimwangalia kinyozi. Alikuwa amekunjua mikono yake na mguu mmoja ulikuwa umekwisha kupiga hatua mbele. Nikajua anakuja kumtoa mtoto. Nikamwonyesha kwa kiganja: subiri, tafadhali.

"Na sasa," Kwanini akasema, "angalieni akilazwa."

Watoto wakamtoa Mzee Kunjo kaburini, wakamrudishia shanga zake, na ile roboti ya mikono ikaja imembeba kwa mbele. Ikafika kwenye ubao wangu wa vitunguu. Ilisita kidogo, jicho lake likaangalia, ikakubali. Ikashuka. Mle ndani ikasogea taratibu, ikainamisha mikono, ikamgusisha mchanga, ikamwachia. Alilala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, shanga shingoni. Roboti nyingine ikanyunyizia udongo mwekundu kutoka juu, mwingi ukaingia kaburini na uliobaki ukaishia kwenye tai ya Mkuu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kule chini roboti ilijaribu kupanda, magurudumu yakateleza kwenye mchanga, ikaendelea kuzunguka palepale.

"Kwa hiyo hakutupwa," Kwanini akasema makofi yalipotulia. "Hatujui ni nani, lakini kuna mtu alishuka."

Hapo ndipo hotuba tuliyofanyia mazoezi ilipoishia. Alitakiwa ainamishe kichwa na kuteremka kwenye kigoda. Hakuteremka. Alitazama mlangoni, juu ya vichwa vya watu wote.

"Baba. Kwa Bibi, nani alishuka?"

Mkuu alifungua kinywa, nadhani ili aseme kitu juu ya ratiba, nikamshika kiwiko kwa nguvu akakifunga. Watu waligeuka kumtazama kinyozi. Alikuwa bado amesimama na ule mguu wake mmoja mbele, na kwa muda nilidhani atageuka aende zake.

"Mimi," akasema.

Akaja. Watu walivuta viti kumpisha. Alifika kwenye madawati yetu, akasimama upande wa pili wa lile boksi, binti yake juu ya kigoda akiwa sawa naye kwa urefu.

"Mimi ndiye niliyeshuka, mwanangu. Wajomba walikuwa juu. Walimteremsha taratibu, nikampokea hivi." Akanyoosha mikono yake miwili juu ya kaburi la Mzee Kunjo, viganja vikiangalia juu. "Sikutaka mtu mwingine ampokee. Nikamlaza mwenyewe. Niliutafuta udongo laini kwa mkono, nikautoa mawe, nikauweka chini ya kichwa chake."

"Hakutupwa?"

"Hakutupwa hata kidogo."

Alikuwa analia sasa, mbele ya wateja wake wote, bila kujificha, na mtoto alikuwa anamwona. Lile alilokuwa analiogopa ndilo lililotokea, na hakuna kilichobomoka. Kwanini alinyoosha mkono akamshika aproni, akaanza kumtoa zile nywele za watu mabegani, moja moja.

"Ulimwambia kitu?"

"Nilimwambia, 'Mama, leo usinigombeze.'"

Mtoto alifikiri kidogo. Paji lake la uso likajikunja, kama linavyojikunja kila swali linapokuja.

"Ulishuka na viatu?"

"Wewe!" Kinyozi akajifuta macho kwa kiwiko, akashtuka kweli. "Na vile bibi yako alivyokuwa na sakafu yake? Nani angethubutu? Nilivivua nikaviacha juu."

Kitu kikapita usoni mwa Kwanini, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Soksi je?"

"Nilibaki nazo."

"Zilikuwa zimetoboka?"

Baba yake akasita. Alitazama watu, akatazama dari, kisha akainamisha kichwa.

"Moja tu. Kwenye kidole gumba."

"Aliiona," Kwanini akasema. "Baba, Bibi aliiona!"

Akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha mtoto aliyeelemewa mpaka akashika ukingo wa dawati, na baba yake akacheka naye huku machozi yanamtiririka, akamteremsha kwenye kigoda akamkumbatia. Mimi sikujizuia hata kidogo, nililia na kucheka mbele ya Mkuu na tai yake nyekundu. Mume wangu alinyoosha mkono aizime roboti iliyokuwa bado inazunguka mchangani, na aliponiona nilivyo, akaiacha akaja kusimama karibu nami.

"Na kidole gumba kipi?" nikamsikia mtoto akiuliza ndani ya aproni. "Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto," kinyozi akajibu, na akaanza kumweleza yote tangu mwanzo.